Lushoto: Nani Mwenye Kauli juu ya Mteremko

Kwa Msambaa wa zamani nchi ilikuwa na pande mbili. Juu ni Shambaai: baridi, ukungu, migomba na vijito visivyokauka. Chini ni nyika: jua kali, miiba, homa, ng'ombe wa Wamasai na njia za misafara. Ukisimama ukingoni mwa jabali pale Irente, au Mtae upande wa kaskazini, unaiona nyika imetandazwa karibu mita 1,000 chini ya miguu yako. Vijiji vikongwe vilijengwa karibu na ukingo huo kwa makusudi. Mwenye nyumba alilima shamba juu na jingine chini, ili mvua ikikosekana huku apate chakula kule. Mlimani palikuwa na ndizi, na nyikani palikuwa na mtama na mawindo. Historia yote ya Usambara inatembea juu na chini ya ukingo huo.

Mji wa Lushoto wenyewe umejificha katikati ya nchi ya juu, bondeni, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi. Njia yake kuu inapanda kutoka Mombo: kilomita 33 za kona, jabali upande mmoja na korongo upande wa pili, ikipitia Soni penye maporomoko ya maji. Mvua zikizidi, udongo na mawe hushuka na kufunga barabara, na mji ukabaki peke yake na mboga zake zikioza magunini. Ni mji mdogo. Kuna stendi, soko, misikiti, makanisa, ofisi za serikali, na majumba machache yaliyoachwa na Wajerumani. Mashamba yanaanzia nyuma ya maduka. Lakini vilima vinavyouzunguka vimejaa watu kuliko mgeni anavyotarajia: sensa ya 2012 ilihesabu watu 492,441 katika wilaya ya Lushoto, kabla Bumbuli haijapewa halmashauri yake mwaka uliofuata. Walio wengi ni Wasambaa. Wamo pia Wapare, na wamo Wambugu, wafugaji wa juu kabisa kandokando ya msitu, ambao lugha yao imechanganya maneno yenye asili ya Kikushi na sarufi ya Kibantu na kuwashughulisha wanaisimu kwa miongo mingi.

Sisi wa Chamazi, kwenye mchanga wa tambarare za Temeke huku Dar es Salaam, Lushoto tunakutana nayo gengeni. Kabichi, karoti, hoho, njegere na viazi mviringo, na msimu ukifika mapichi na mapeasi. Tunakutana nayo pia kwa majirani ambao majina yao ya ukoo huanza na She. Kabichi haisemi imetoka kwenye mteremko wa namna gani, wala nani aliamua ilimwe pale. Na hilo, kwa maoni yangu, ndilo jambo kubwa kuliko yote katika habari za milima ile. Kila mwenye nguvu aliyepanda Usambara, awe mfalme, afisa wa Kaiser wa Ujerumani, bwana shamba wa Kiingereza au mradi wa maendeleo, alitaka kuwa na kauli juu ya mteremko: nani alime wapi, apande nini, na mavuno yaende kwa nani. Na kila mara mkulima mwenye jembe alikuwa na jibu.

Simulizi la Wasambaa huanza na mwindaji. Mbegha alitoka Nguu, kusini mwa milima. Alikuwa kigego, aliota meno ya juu kwanza, na kwa mila za wakati ule mtoto wa namna hiyo alikuwa nuksi. Wazazi wake walipofariki, ndugu zake walimnyima urithi. Akashika mikuki yake na mbwa wake akaingia porini. Huko Kilindi alipendwa, hadi mtoto wa mkubwa wa pale alipokufa akiwa naye mawindoni, akalazimika kukimbia tena. Alipofika milimani aliwakuta watu wanasumbuliwa na nguruwe mwitu mashambani. Akawaua nguruwe, akawagawia watu nyama, nao wakampa vyakula vya shamba. Pale Vuga aliua simba usiku, na watu wa Vuga wakamfanya mfalme wao. Yalikuwa mapema katika karne ya 18, kwa makadirio ya wanahistoria. Uzao wake ndio Wakilindi, ukoo uliotawala Usambara kwa zaidi ya miaka 150.

Habari hizi zimehifadhiwa kwa Kiswahili, na hilo ni jambo la kujivunia. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, aliyewafahamu Wakilindi kwa karibu, aliziandika katika Habari za Wakilindi, na wamisionari wa Magila wakazichapa kwa sehemu kuanzia miaka ya 1890. Ni miongoni mwa kazi za mwanzo kabisa za historia ya bara zilizoandikwa kwa lugha hii. Anayetaka kujua jinsi Waswahili wa pwani walivyowatazama watu wa mlimani aanzie hapo.

Simulizi la Mbegha lina mapatano ndani yake. Mwindaji analeta nyama ya nyika, wakulima wanatoa chakula cha mlimani. Yeye ana nguvu za kuua, wao wana nguvu za kuotesha. Wakikubaliana, nchi inashiba. Wasambaa walikuwa na usemi kwa hali hiyo, kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kinyume chake kubana shi, kuiharibu. Mfalme aliyetulia kitini, asiye na mpinzani, alihesabiwa kuwa anaiponya: alipokea ng'ombe na vyakula vya kodi, naye akaleta mvua. Watu wakiwa wake, hana sababu ya kuwaua kwa njaa. Lakini wakuu wawili wakishindana, nguvu kwa nguvu, mvua ya mmoja inazuiwa na uganga wa mwenzake, na wanaokufa ni watoto wa wakulima. Tusiyapuuze mawazo haya kwa kuwa yanazungumzia uganga. Yalikuwa ni mizani ya kumpimia mtawala. Njaa ilikuwa hoja dhidi yake, na kila mama mwenye ghala tupu aliweza kuitoa.

Kilele cha enzi hiyo kilikuwa Kimweri ye Nyumbai, mjukuu wa mwana wa Mbegha, aliyetawala hadi alipofariki mwaka 1862. Mamlaka yake yalianzia upande wa Upare yakafika baharini, na katika miji ya pwani kama Pangani na Tangata yeye na Sultani wa Zanzibar walikuwa wote na sauti katika kuwaweka wakuu. Wanawe aliwasambaza kuwa machifu wa vilima. Mmisionari Krapf alifika Vuga mwaka 1848, akarudi 1852. Mwaka 1857 walipanda wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke, wakamkuta mfalme mzee aliyetumaini kuwa wageni weupe wana dawa ya kumrudishia afya. Waliona mji wa vibanda vya majani juu ya kilima, na hawakuwa na macho ya kuona zaidi ya hapo. Vuga ilikuwa mahakama kuu ya nchi nzima, mahali ambapo kodi ya mlima na kodi ya nyika zilikutana.

Aliyeivunja alikuwa mwana wa Kimweri mwenyewe, Semboja. Yeye alikaa chini, Mazinde, kwenye njia ya misafara inayofuata mto Pangani. Wakati baba yake akikusanya ng'ombe na ndizi, Semboja alikusanya bunduki, nguo na watu wa kuuza. Mzee alipokufa, kiti cha Vuga alipewa mjukuu, Shekulwavu. Semboja hakukubali. Miaka michache baadaye alipanda mlima na wapiganaji wake, Shekulwavu akakimbia, na Vuga ikachomwa. Semboja hakutaka hata kukaa pale; alimweka mwanawe, Kimweri Maguvu, yeye akarudi Mazinde kwenye biashara yake. Wabondei wa upande wa mashariki, waliochoshwa na machifu wa Kilindi, wakaasi na kuwaua au kuwafukuza. Vita ile wakaiita Kiva. Kwa miaka zaidi ya 20 milima ilikuwa mahali pa kukamatana. Mtu alikamatwa akienda kuchota maji, akauzwa Pangani. Wazee waliousimulia wakati ule walikuwa na maneno matatu tu ya kueleza sababu yake: nguvu kwa nguvu.

Ndipo wakaja Wajerumani, na kwanza walionekana kama nguvu moja zaidi miongoni mwa nyingi. Wamisionari wa Bethel walifungua kituo Mlalo mwaka 1891, wakaendelea Mtae, Vuga na Bumbuli. Kule Lutindi mwaka 1896 ilianzishwa nyumba ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani, ambayo baada ya miaka michache iligeuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na hadi leo ni hospitali. Semboja alifariki mwaka 1895. Mwaka huo huo mwanawe Mputa, aliyekuwa mtawala Vuga, alinyongwa na Wajerumani kwa kuamuru kuuawa kwa mtu aliyezini na mkewe. Kwa sheria ya Vuga mfalme alikuwa na haki hiyo. Kwa kamba ile kila mtu milimani alielewa kwamba haki ya kuua na kuacha imehamia kwa mwingine.

Na haki juu ya ardhi ilihama pamoja nayo. Amri ya Novemba 1895 ilitangaza kuwa ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya dola ya Ujerumani. Nani alikuwa wa kusema ipi haina mwenyewe? Shamba lililopumzishwa, mbuga ya kulishia, msitu wa kutolea dawa na kuni, vyote kwa jicho la mpimaji vilikuwa tupu. Makao ya wilaya yalipandishwa kutoka Mazinde hadi bonde la Lushoto, yakapewa jina la Kaiser: Wilhelmstal. Hewa yake iliwapendeza. Waliota kuufanya mji wa kupumzikia wakubwa wa serikali wakati wa joto la pwani, wakapanda miti na maua ya kwao na kujaribu matunda ya kwao, ndiyo yale mapichi na mapeasi tunayoyanunua leo. Reli kutoka Tanga, iliyoanza kujengwa 1893, ilifika Mombo mwaka 1905. Juu ya Mkumbara kampuni ya Wilkins na Wiese ilifunga kamba ya chuma ya kuteremshia mbao za mwangati kutoka Shume hadi relini. Upande wa mashariki kahawa ya walowezi ilishindwa na udongo, na mahali pake serikali ikafungua mwaka 1902 taasisi ya utafiti ya Amani, iliyokuja kujulikana dunia nzima kwa bustani yake ya mimea. Ua dogo la zambarau alilolikuta mkuu wa wilaya ya Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, mwaka 1892, sasa liko madirishani Ulaya na Marekani likiwa na jina lake kwa Kilatini.

Walowezi walihitaji mikono, na Msambaa mwenye mgomba wake hakuona sababu ya kumlimia mwingine. Katani iliyoota tambarare za Tanga ililazimika kutafuta watu mbali, Unyamwezi na kwingineko. Milimani serikali ilibuni njia nyingine: kuanzia 1907 mwanamume alipewa kadi ya kazi, na kila miezi 4 alitakiwa kumfanyia mzungu kazi ya siku 30, la sivyo akafanye kazi za serikali. Hesabu hiyo ni robo ya mwaka wa mtu. Na robo hiyo haikuchagua msimu. Mvua za masika zikianza na kadi haijajaa, mke alilima peke yake. Sijaona maandishi yanayoueleza ukoloni wa milima ile kwa uwazi kuliko kadi hiyo.

Waingereza waliingia Wilhelmstal mwaka 1916, katikati ya vita, na baadaye jina la Kaiser likafutwa, Lushoto ikarudi. Gavana Donald Cameron alipoleta utawala wa kupitia machifu, mwaka 1926 Wakilindi walirudishiwa kiti. Aliyekalishwa alikuwa Kinyashi, mzee aliyewahi kuwekwa na Wajerumani baada ya Mputa kunyongwa na kisha kujiuzulu. Mwaka 1929 akajiuzulu tena. Alikuwa mtu anayezifahamu sana habari za mvua, na alijua kwamba mfalme anayelipwa mshahara na bwana wilaya anadaiwa mvua na watu huku hana mamlaka ya kuitengeneza nchi. Ukweli huo ulimkuta kwa nguvu zote Shebughe Magogo, aliyemfuata baadaye.

Miaka ya vita vya pili vya dunia ilikuwa migumu. Ukame ukaja, na njaa ya 1946 na 1947 ikapanda mlimani. Watu wakakumbuka mizani ya zamani. Walikusanyika Vuga kwa mamia, wakapiga kambi, wakamtaka Magogo aondoke. Wengine walidai anazuia mvua. Wengine, waliosoma, walidai uchaguzi na hesabu za fedha za hazina ya chifu. Wote walisimama kiwanja kimoja, na mtu angeweza kuamini yote mawili kwa pamoja bila kujipinga. Mwaka 1947 Magogo aliacha kiti, akasimikwa Kimweri Mputa Magogo. Serikali ilidhani imemaliza.

Haikuwa imemaliza, kwa sababu wakati huo huo ilikuwa inaanza jambo lililoigusa kila nyumba. Wataalamu wa kikoloni walitazama miteremko, wakaona udongo mwekundu unashuka na mito, wakahofu kwamba milima itabaki mifupa. Hofu yao ilikuwa na msingi. Watu walikuwa wameongezeka, misitu ilikuwa imetengwa na serikali, mashamba ya walowezi yalikuwa hayaguswi, na mahindi yaliyofika kuchukua nafasi ya migomba huacha udongo wazi mvua za kwanza zinapopiga. Dawa yao ilianza kujaribiwa bonde la Mlalo mwaka 1946, na kuanzia 1950 ikaenezwa milima yote kwa jina la Mpango wa Usambara. Dawa hiyo ilikuwa matuta: tuta kwa tuta kukata mteremko, yakiungwa kati kwa tuta dogo ili maji yasimame. Sehemu zenye mwinuko mkali zikakatazwa kulimwa, na mifugo ikazuiwa. Asiyetii alitozwa faini, au akafungwa.

Kwenye karatasi matuta ni jambo la busara. Shambani palikuwa na mengine. Jembe la mkono ndilo lililokuwepo, na walioshika jembe kwa sehemu kubwa ni wanawake. Kazi ya kulima shamba ilikuwa tayari imewajaa. Sasa iliongezwa kazi ya kupindua mlima, kila mwaka, kwa msimu uleule wa kupanda. Wanaume wengi walikuwa mbali wakitafuta fedha. Mkulima wa Kisambaa alikuwa na ufundi wake pia: mgomba juu, kahawa kivulini, maharage na mahindi kwa kuchanganya, magugu yaliyong'olewa yakiachwa chini yafunike udongo. Hakuna aliyemuuliza habari za ufundi huo. Aliyemlazimisha alikuwa chifu yule yule ambaye kazi yake, kwa mizani ya wazee, ilikuwa kuiponya nchi. Na chini ya matuta lilikuwepo swali kubwa zaidi. Watu walisema: ukishaiingiza nguvu yako katika kila shamba, umelifanya lako. Mlowezi atakuja kuchukua lililokwisha kutengenezwa. Baada ya amri ya 1895, nani angewaambia kwamba wanaota?

Basi walikataa. Walikataa kwa kutokwenda, kwa kulima tuta la barabarani ambako bwana shamba anapita na kuacha la nyuma ya kilima, kwa kulipa faini na kukaa kimya, kwa kukusanyika barazani na kupiga kelele mpaka chifu aondoke. TANU ilipozaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, ilikuta milimani watu ambao tayari wanajua wanachokikataa. Uhuru, kwa mama wa Mlalo, ulikuwa na maana ya karibu sana: kesho asubuhi nalima kwa namna yangu. Kufikia mwaka 1957 serikali iliachia matuta, na mpango ukafa. Chama kilipata wanachama kwa wingi, na Wakilindi wakabaki wanatazamwa kama mikono ya mkoloni. Mwaka 1963, miaka miwili baada ya uhuru, sheria ilifuta mamlaka ya machifu nchi nzima. Enzi iliyoanza na mwindaji wa nguruwe iliishia kwenye karatasi ya Bunge, bila risasi hata moja.

Wapo wanaoisimulia habari ya matuta kama hadithi ya wakulima wajinga waliokataa sayansi. Siwezi kukubaliana nao, na ushahidi uko mlimani penyewe. Mwaka 1981 ulikuja mradi mwingine wa kuhifadhi udongo, SECAP, kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Ulihimiza mistari ya majani ya gwatemala ikikata mteremko, miti katikati ya mashamba, na ng'ombe wa kufungiwa bandani. Safari hii hapakuwa na jela. Wakulima walichagua. Majani waliyapenda kwa kuwa ng'ombe anayala na maziwa yanauzwa; miti waliipenda palipokuwa na mbao na kuni ndani yake; mengine wakayaacha. Leo ukipita Soni, Lukozi au Mlalo utaona makinga maji na ngazi za udongo mashambani, mahali pengine zimetunzwa vizuri kuliko barabara. Udongo ule ule, mvua ile ile, wajukuu wa wanawake wale wale waliotozwa faini. Tofauti ni nani anaamua na nani anakula.

Maji nayo yamebadilisha kauli juu ya ardhi. Zamani bonde lenye kinamasi lilikuwa shamba la dharura, la kiangazi. Kwa kuwa mboga zinataka maji na mji unataka mboga, mabonde sasa ndiyo dhahabu. Mifereji inashushwa kutoka kwenye vijito, zamu za kumwagilia zinapangwa, na kijana asiye na kipande bondeni hana pa kuanzia. Mashamba ya mteremko yamegawanywa kwa urithi, baba kwa wana, wana kwa wajukuu, mpaka kipande kimoja hakitoshi kulisha nyumba. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya wale majirani wa She huku Chamazi. Wengi hawakuja kwa kuichukia nchi yao. Kipande kilikwisha. Wamefika Mbagala, wamefika Chamazi, wamenunua kiwanja kwenye mchanga, na mwezi ukiisha wanatuma fedha za bati au ada ya shule juu.

Shule ni habari yenye furaha katika historia hii, ijapokuwa naigusia kwa kupita tu. Milima iliyokuwa mbali na kila kitu imekuwa mahali pa kupeleka watoto wa mbali. Kifungilo ni jina linalojulikana na wazazi wa nchi nzima. Mazinde Juu, shule ya wasichana iliyoanzishwa na padri wa Kibenediktini Damian Milliken mwaka 1989, ilijengwa kwa ajili ya mabinti wa milimani ambao nafasi za sekondari ziliwapita. Mahakimu na makarani wa mahakama husomea Chuo cha Uongozi wa Mahakama hapo Lushoto mjini. Nchi ambayo mfalme wake alinyongwa kwa kuhukumu kwa sheria yake sasa ndiyo inayofundisha sheria.

Msitu uliobaki nao una historia ndefu ya kukatazwa. Magamba, juu ya mji, umetangazwa hifadhi ya mazingira ya asili. Humo kuna miti mikubwa ya mkulo na vyanzo vya maji yanayoshuka hadi tambarare. Watu wa kandokando wanaelewa thamani yake kuliko wanavyosifiwa, kwa sababu mfereji wao unaanzia pale. Wanachouliza ni kile kile cha siku zote: walioko kwenye meza ya maamuzi ni akina nani.

Swali hilo lilisikika kwa sauti kubwa kwenye chai. Kiwanda cha Mponde, Bumbuli, kilikuwa kimewekwa kwa ajili ya wakulima wadogo wa vilima vile, kisha kikaendeshwa na mwekezaji. Mgogoro kati yake na wakulima ulikua hadi mwaka 2013 kiwanda kikasimama. Kwa miaka kadhaa majani ya chai yalikua yakawa miti, na watu waliokuwa wanauza kila wiki wakabaki wanapita pembeni mwa mashamba yao. Serikali ilikirudisha mikononi mwake, na mifuko ya hifadhi ya jamii ikaingia kukifufua. Nani alikuwa na haki katika kila kipengele cha mgogoro ule ni jambo refu. Lakini ukisoma habari zake ukiwa umetoka kusoma za 1947 Vuga, unasikia watu wale wale wakimwambia mwenye nguvu kwamba nchi yao haiponi.

Mboga hazina kiwanda, na kwa hiyo mapambano yake yamo kwenye gunia. Mfanyabiashara anakuja na gari, anataka lumbesa: gunia lililojazwa likapita mdomo, likaongezwa kilemba na kushonwa kwa kamba. Analipa bei ya gunia moja. Wakala wa Vipimo umekataza, viongozi wamekemea mwaka hadi mwaka, na bado kwenye gulio la mbali, jioni, mvua inanyesha na kabichi haikai siku tatu, mkulima anakubali. Kisha mzigo unashuka kona za Soni, unafika Mombo, unalala njiani, unaingia Dar es Salaam alfajiri mikononi mwa dalali. Kutoka pale ndipo unapofika gengeni kwetu. Kila aliyeugusa amepata chake kabla ya aliyeulima kujua umeuzwa kwa ngapi.

Hapa ndipo wale waliohama wameanza kuwa na kazi isiyo kwenye maandishi yoyote ya serikali. Mkulima wa Lukozi anampigia simu ndugu yake Chamazi au Mbagala kabla gari halijapakia. Anauliza karoti zimeamkaje sokoni. Ndugu huyo anapita gengeni, anauliza bei, anajibu. Ni bei ya rejareja, si ya jumla, na wote wawili wanajua namna ya kuipunguza ili kupata inayokaribia ukweli. Mkulima anarudi kwa mwenye gari akiwa na tarakimu mkononi. Wakati mwingine gari linaondoka bila mzigo wake. Wakati mwingine lumbesa inashushwa, inafunguliwa, na kabichi za kilemba zinarudishwa chini kwenye majani, zihesabiwe upya.